Safu ya Mayatima

Mimi sikuzaliwa mpole, na kazi niliyoifanya miaka yangu yote haikunisaidia kuwa mpole. Afisa wa kilimo wa nyanjani anazunguka mashamba ya watu akiwaambia kwamba wanavyolima sivyo. Ukiwaambia kwa sauti ya chini wanakuitikia vizuri, wanakufungia ndizi za kwenda nazo, halafu wanarudi kupanda vile vile walivyozoea. Kwa hivyo nilijifunza kusema kwa nguvu, na kusema mara moja. Kule Kitui wakulima walikuwa wakiniona kwa mbali wanaambiana, leo tumepatikana. Nilikuwa nasikia, na kusema kweli nilikuwa nafurahi.

Kisha nikastaafu, mume wangu akafariki, na binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee, akasema siwezi kukaa kule peke yangu nikizungumza na mbuzi. Alikuwa amepanga chumba Kawangware, karibu na steji ya 56, nyuma ya duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi. Nikahamia kwake. Tulikaa pamoja muda mfupi tu, tukigombana juu ya chumvi na juu ya nani ameacha mlango wazi, halafu akapata kazi Doha, akaenda. Mimi nikabaki na chumba chake, kitanda chake, na mapazia yake ya rangi ya waridi ambayo kwa hiari yangu nisingeyanunua.

Watu wakisikia upweke wanafikiria kimya. Wangu ulikuwa na kelele. Kuanzia asubuhi watu wa hadiwea wanakata mabati, saluni ya mbele imefungulia redio, makanga wa matatu wanaita abiria wa mjini, watoto wa vyumba vya ploti wanagombania mtungi kwenye mfereji. Maneno yote hayo, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Majirani walikuwa watu wazuri, wa kutoka mapema na kurudi wamechoka, na wengi walihama kabla sijazoea sura zao. Binti alikuwa akipiga simu Jumapili tu. Baada ya hapo, kama sikuwa na kitu cha kununua dukani, mdomo wangu ulikosa kazi. Kuna asubuhi niliangusha sufuria nikaiambia pole. Nilipojisikia nimesema hivyo nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima, kwa sababu ya sufuria.

Ndiyo maana tangazo liliposomwa kanisani, kwamba watafiti fulani wa kilimo wanatafuta mtu anayejua mboga na anayeweza kuzungumza na wananchi kwa Kiswahili cha kueleweka, nilisimama kabla msomaji hajamaliza. Wengine waligeuka kuniangalia. Nilidhani kanisa zima litaitaka kazi hiyo, kumbe hakuna aliyeitaka isipokuwa mimi.

Kazi ilikuwa Kianda, upande wa Kibera ulio karibu na Olympic, na ilikuwa ya Jumanne tu. Kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakipanda mboga, hasa sukuma wiki, kwenye magunia, karibu wote Waluhya, watu wa Western, wafua nguo, wauza mboga, wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Vyumba vyao vilikuwa vimezunguka uwanja mdogo, na hapo ndipo magunia yalipokaa. Watafiti walitaka kujua jambo moja. Mtu asiye na shamba, akichukua taka za jikoni akazichanganya na mbolea ya kuku, ataongeza mboga kiasi gani kuliko yule anayepanda kwa udongo mtupu? Swali zuri, la watu wa kawaida. Kazi yangu ilikuwa kufundisha kupanda, kusimamia, na mwisho wa msimu kuwarudishia wenyewe matokeo kwa lugha yao. Watafiti wengi huchukua majibu wakaenda nayo, na hilo lilinikasirisha miaka mingi. Nikaona safari hii nitalifanya vizuri.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya wote. Niliwaonyesha jinsi ya kukata kitako cha mkebe wa mafuta ya kupikia, kuusimamisha katikati ya gunia, kuujaza kokoto, kuuzungushia udongo, kisha kuuvuta juu kidogo kidogo mpaka mawe yawe nguzo ya kupitishia maji. Walishika haraka kuliko wakulima wangu wa zamani, ambao kila kitu walikuwa na neno. Tukapanga safu mbili. Ile ya katikati ya uwanja ingepata mbolea kwa kipimo. Ile ya upande wa ukuta, penye milango ya vyumba, ingepata udongo na maji, basi.

Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliinua mkono.

“Madam, na hizi za ukuta zimekosea nini?”

“Hazijakosea. Ni za kulinganisha. Bila hizi hatuwezi kujua zile zimesaidika kiasi gani.”

“Kwa hivyo zitakaa tu hivyo? Zinaangalia wenzao wakikula?”

“Zitakaa hivyo.”

Wakaangaliana. Mmoja wa nyuma, mrefu, muuza omena, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, akasema, “Basi hizo ni mayatima.” Wakacheka, na tangu hapo safu ile haikuwa na jina lingine.

Nikamalizia na sheria za mradi. Nilizitoa zote kwa ile sauti yangu ya Kitui. Msihamishe magunia. Msivune kabla ya kupimiwa. Msiwape mayatima kitu chochote. Na mimi pia msinipe kitu, hata chai, hata maji, kwa maana mradi mmoja mahali pengine uliharibiwa na kuku wa zawadi aliyepewa msimamizi, na atakayejaribu nitamtoa kwenye kikundi. Wakaitikia sawa, madam, na mwenyekiti akaahidi kuilinda safu ile yeye mwenyewe. Nikatembea mpaka Ngong Road nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumanne zikaanza kuwa ndiyo wiki yenyewe. Jumatatu nilifua nguo ya kesho. Jumanne niliondoka 56 mapema, kwa miguu, nikivuka Ngong Road na kushuka kuelekea Olympic, na kila nilipokaribia Kianda nilikuwa naitengeneza sauti, nikikohoa kidogo, kwa sababu haikuwa imetumika. Vijana wa kuosha pikipiki za boda pale kona walishanizoea. “Niaje, mathe wa sukuma,” wananiambia. Nawaambia poa. Na kwa hilo poa nilikuwa naingia uwanjani nimechangamka.

Lakini uwanjani mambo hayakuwa vile nilivyotaka. Somo walilisikiliza. Maswali waliuliza. Tulitoa wadudu kwenye majani, tulipunguza miche, nilimkemea mmoja aliyemwagilia maji juani, akacheka. Somo likishaisha walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja, kama watu wanaongojea kitu. Harufu ya mboga ya mrenda ilikuwa inatoka kwenye chumba cha mwenyekiti. Niliona sufuria zimefunikwa, na juu ya kifuniko kimewekwa kitambaa. Mtoto mmoja aliyekuja kulia njaa aliambiwa kitu kwa lugha yao, akarudishwa ndani. Kisha mwenyekiti ananiambia, “Haya, madam, Jumanne ingine,” na macho yake hayako kwangu.

Nikitoka, hata kabla sijafika penye kona, nasikia vifuniko vinafunguliwa na kicheko kinapasuka. Kicheko kikubwa, cha watu waliokuwa wamejibana.

Nilikuwa nanunua mandazi kwa mama mmoja njiani na kula nikitembea. Ninajua mtu wa umri wangu haonekani vizuri akila njiani. Lakini nikifika chumbani sikuwa na hamu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja, na nilijua nisipokula hapo sitakula.

Nilifikiria kila sababu. Nilifikiria ni kwa vile mimi ni Mkamba, na watu wa Nairobi wakitaniana Mkamba hakosi kuwa na uchawi mfukoni. Nilifikiria ni sauti yangu. Hasa nilimfikiria yule mrefu wa omena, ambaye alikuwa hanisemeshi, ananiangalia tu, na nikiinua macho anageuka. Nikaamua ndiye anayewachochea. Nilimchukia kidogo, na nilikuwa nabeba chuki hiyo mpaka Kawangware, naigeuzageuza jioni nzima, kwa sababu angalau ilikuwa na mtu ndani yake.

Na bado nilizitaka Jumanne hizo kuliko kitu kingine chochote. Kulikuwa na pahali ambapo nikichelewa watu wangeangalia njia. Kwangu hilo lilikuwa kubwa.

Katikati ya msimu, mtafiti aliyekuwa akisimamia mradi alikuja kututembelea. Alikuwa kijana, daktari wa mambo ya udongo, mwenye viatu visivyofaa njia za Kibera na heshima nyingi. Aliniita mama. Alinieleza wazi wazi: siku ya kupima, tofauti kati ya safu mbili ikionekana, mradi utaendelea msimu mwingine, hapa hapa na mimi mwenyewe. Isipoonekana, wenye fedha watafunga Kianda. Nilimwambia itaonekana. Kusema kweli kuhusu mshahara sikujali sana, ulikuwa wa kununulia unga na salio la simu. Nilichoogopa ni kuamka Jumanne iwe kama Jumatano.

Nikaanza kuwachunguza mayatima kwa jicho la mtu anayetaka wadhoofike. Si vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa hawadhoofiki. Mwanzoni walibaki nyuma kidogo, majani yao madogo, yamepauka, nikatulia. Baadaye wakaanza kupata rangi. Sukuma zao zikawa kijani kile kizito, na majani yakawa mapana ya kutosha kumfunika mtoto uso. Nilimuuliza mwenyekiti.

“Ni Mungu tu, madam,” akasema.

“Mungu ameanza kufanya utafiti lini?”

“Yeye haachi mayatima,” akasema, na akaenda kuanua nguo.

Nilijiambia udongo ule ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Nilijiambia siku ya mzani ukweli utajulikana, kwa vile macho hudanganya. Niliomba hata. Nilipiga magoti Kawangware nikamwomba Mungu mboga za watu zisimee, na sikuona ajabu yake wakati huo.

Siku ya kupima daktari alikuja na mzani wa kuning'iniza, akaufunga kwenye mti wa kamba ya nguo. Akina mama wote walikuwepo, wamevaa leso safi. Tulikata mboga gunia baada ya gunia, tukazifunga, akazitundika, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Hilo nililiomba mimi: watu wasikie majibu yao wenyewe yakitoka. Safu ya mbolea ikafanya vizuri, vile nilivyotarajia. Kisha tukahamia ukutani. Yatima wa kwanza alimshinda mwenzake wa mbolea. Wa pili akashinda. Kufika katikati daktari alikuwa amepunguza sauti, na mimi mikono ilikuwa imeanza kuniwasha.

“Mama,” akaniambia, “hatukubadilisha safu kwa bahati mbaya?”

 Nilipiga magoti penye yatima wa karibu, nikaingiza vidole kwenye udongo. Nilitoa maganda ya mayai. Chini yake nikatoa majani ya chai yaliyopikwa. Nikachimba zaidi, nikatoa vichwa vya omena, vingi, vimeanza kuoza, na jivu, na kipande cha ganda la ndizi. Nikavipanga vyote juu ya ukingo wa gunia mbele ya watu.

“Nani ameweka hivi?”

 Wimbo wa dini ulikuwa unasikika kutoka redio ya jirani, ukaisha, ukaanza mwingine. Halafu yule mrefu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Vichwa ni vyangu. Na maji ya kuoshea omena. Nilikuwa naweka kidogo tu.”

Niliwaza, nilijua tu ni yeye. Nilikuwa nafungua mdomo kumtolea yote niliyokuwa nimembebea, mwingine akasema, “Majani ya chai ni mimi.”

“Kumbe na wewe?” akaulizwa na wa tatu. “Mayai ni mimi.”

Wakageukiana. Walishangaa wao kwa wao, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Aliamka mapema kuliko wengine, au alingojea wengine waende kuchota maji, akamnyapia yatima wa mlangoni pake akampa kitu, na akafunika na udongo. Mwisho wakabaki wanamwangalia mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeahidi mbele yangu kulinda ile safu.

“Mimi nilikuwa naweka jivu,” akasema mwenyekiti. “Na ile ya kuku, ikibaki.” Kisha akaniangalia. “Madam, ziko hapo kwa mlango. Unatoka asubuhi unapea hizi, zingine zinakuangalia. Utafanya aje?”

Nilisema maneno mengi. Sitayarudia hapa, mengine yalikuwa ya Kikamba na hawakuyapata. Niliwaambia wameharibu kazi ya msimu mzima. Niliwaambia nilieleza, tena nikaeleza kwa Kiswahili, tena wakaitikia. Niliwaambia huruma yao itanifungia mradi. Sikuwaambia kwamba wamenichukulia Jumanne yangu, maana hilo si jambo la kumwambia mtu. Nilipoishiwa na pumzi walikuwa wameinamisha vichwa wote, na daktari alikuwa anajikuna shingo.

Alinivuta kando, karibu na tangi la maji. Alisema pole. Alisema kosa si langu, na hata alitabasamu kidogo akasema hajawahi kuona udongo uliopendwa namna ile. Lakini hesabu zile hawezi kuziandika popote, kwani hakuna anayejua nani aliweka nini wala kiasi gani, na kwa hivyo Kianda itabidi ifungwe. Akaniomba niwaeleze akina mama, nikiweza. Nilimwambia ndiyo kazi yangu. Akafungua mzani wake, akapanda boda, akaenda.

Nikarudi kuwapa wananchi matokeo. Niliwaambia tumejua mboga zimemea, hatukujua ni kwa sababu gani, na kwa mtafiti hiyo ni sawa na kutojua kitu. Niliwaambia magunia ni yao, waendelee kula. Niliwaambia mradi umefungwa na leo ndiyo mwisho. Safari hii nilisema kwa sauti ndogo. Sikuwa na ile nyingine.

Mwenyekiti aliuliza, “Imeisha kabisa?”

“Imeisha.”

“Hata zile sheria?”

“Sheria gani tena? Hakuna mradi, sheria zitoke wapi?”

Akasema kitu kwa Kiluhya. Yule mrefu akainuka, akaingia chumbani kwa mwenyekiti. Nikaona basi, ni yale yale, sasa wananingojea niondoke ndipo wale. Nikaokota mkoba wangu. Nilikuwa nimeutia begani alipotoka na stuli, akaiweka nyuma ya miguu yangu, karibu sana hata nikakaa bila kutaka. Mwingine akaja na jagi na beseni, akanimwagia maji mikononi. Kisha zikatoka zile sufuria. Ugali, mrenda, na sukuma zilizotoka kukatwa pale ukutani, zimekaangwa na nyanya. Hata sikuona zimepikwa saa ngapi; labda nilipokuwa nagomba.

Nilishika sahani nikauliza hii ni ya nini.

“Wewe ulisema hata maji,” mwenyekiti akasema. Sasa ile aibu ilikuwa imemtoka, na alikuwa kidogo amekasirika yeye pia. “Sisi kwetu mgeni haendi hivyo. Na wewe unakuja tu, mvua unakuja, jua unakuja, unaenda na mdomo mkavu. Unajua vile tuliona vibaya? Tulikuwa tunafunika chakula, kwa sababu utakulaje mbele ya mtu umekatazwa kumpa? Mtoto anapigwa juu ya kulilia chakula mbele yako. Tunangoja mpaka uende.”

“Na mkicheka,” nikasema. “Nikienda mlikuwa mnacheka.”

“Si njaa imeisha? Tutalia?”

“Mlikuwa mnanisema.”

“Tulikuwa tunakusema,” akakubali. “Tulikuwa tunasema huyu mama anakula mandazi kwa njia. Hana mtu wa kumpikia.”

 Nadhani hata yeye aliona limetoka wazi kuliko alivyokusudia. Yule mrefu alikuwa amechuchumaa mbele yangu akiniongezea mrenda bila kuniuliza, na alisema bila kuinua macho, “Hizo gunia zilitushinda. Lakini wewe tuliweza kukunyima, kwa vile ulisema na ukali.”

Nimefundisha watu kupanda kwa mistari, kukinga maji, kuhifadhi mbegu, kupima mbolea kwa kizibo cha soda. Hakuna kitu nilichowahi kusema kikafuatwa bila kupunguzwa wala kuongezwa. Lililofuatwa ni neno hilo moja, kwamba nisipewe kitu. Nililisema mara moja, siku ya kwanza, nikaenda zangu na nikalisahau, na wao wakakaa nalo msimu mzima kama mzigo. Nilikuwa nimepita hapo kila Jumanne nikitamani kuitwa nikae, na kila Jumanne walikuwa wanatamani kuniita.

Nilikula. Nililia pia, sitadanganya, na chozi la mtu anayekula ugali si la kupendeza. Walijifanya hawaoni. Wakaanza kuzungumza mambo yao, mara Kiswahili, mara Kiluhya, wakisahau kunitafsiria, na mimi nikakaa katikati ya maneno hayo mpaka sahani ikaisha. Nilipoondoka walinisindikiza mpaka kwa vijana wa boda. Mwenyekiti akanifungia sukuma kwenye mfuko. “Karibu tena,” akasema, na wengine wakasema hivyo hivyo.

Karibu tena huambiwa kila mtu. Hata muuza duka huniambia. Wiki ile nilikuwa na kazi moja tu ya kulipima neno hilo, na nilipima mpaka nikachoka. Nilijiambia walinilisha kwa kuwa nilikuwa naenda, watu hulisha msafiri. Nilijiambia mtu wa mradi ana sababu ya kuingia uwanja wa watu, ana kofia ya mradi na somo la siku. Mwanamke mzee wa Kitui aliyevuka Ngong Road bila sababu ni nani? Jumapili binti alipiga simu akaniuliza kazi inaendeleaje, nikamwambia vizuri. Jumatatu nilifua nguo ya kesho kwa mazoea, na ilipokuwa tayari kwenye kamba ndipo nikakumbuka hakuna kesho.

Jumanne nikaivaa. Ilikuwa imefuliwa.

Nilitembea polepole. Nilisimama mara nyingi, nikaangalia viatu vya mitumba ambavyo sikutaka. Pale kona kijana mmoja aliniambia niaje, nikasema poa, na sauti ikatoka vibaya. Nikaingia uwanjani na hakukuwa na mtu. Bila shaka hakukuwa na mtu. Siku ya kazi, hakuna mkutano, kila mmoja ameenda kufua au kuuza. Milango ilikuwa na kufuli. Magunia yalikuwepo, safu zote mbili, yamemwagiliwa asubuhi. Nilisimama katikati yake na mkoba wangu, na nikaona aibu ikinipanda miguuni, nikageuka ili nitoke kabla sijaonekana.

“Umesahau kitu?”

Alikuwa yule mrefu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho, kwenye kivuli, na beseni la omena katikati ya miguu.

“Hapana,” nikasema.

“Mradi imerudi?”

“Hapana. Nimekuja tu.”

Aliniangalia kwa muda mrefu, vile alivyokuwa akiniangalia zamani, ila safari hii hakugeuza macho. Kisha akasogea upande mmoja wa kizingiti na kulisukuma beseni kidogo, likakaa katikati yake na pale palipobaki wazi.

“Basi saidia,” akasema. “Vichwa usitupe.”